Kanda Nilizozipokea Kutoka Uswidi

Mimi nilizaliwa kwenye hospitali ya misheni ya Waswidi, upande wa Tabora. Mama yangu alifua mashuka ya hospitali hiyo mpaka mgongo ukamgomea. Shule nilisoma kwao hadi darasa la nne, nikajua kusoma Biblia na kuandika barua, basi. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akaniuliza nilikuwa mjinga kiasi gani. Kwetu, ukisema Mswidi umesema mtu wa kanisa. Wa aina nyingine hatukuwahi kumwona.

Kwa hiyo hapa Peckham, kwa Waingereza, katikati ya miaka ya tisini, mjukuu wangu alipoanza kuletewa vifurushi vya posta kutoka Uswidi, nilifurahi. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mama yake, binti yangu, alikuwa anatunza wazee na kulala hukohuko kazini, tunamwona Jumapili tu. Mtoto nilikuwa naye mimi.

"Nini hiki?" nilimuuliza.

"Kanda, Bibi. Nyimbo za Waswidi."

"Za kanisa?"

"Zinamtaja Mungu," akasema.

Sikuuliza zaidi. Nikawa mimi ndiye ninayemfungulia mtu wa posta na kutia sahihi. Kanda ya kwanza haikuwa na picha, ilikuwa na karatasi ya fotokopi tu, maandishi yamechongoka kama miiba. Nikadhani ndio mwandiko wao wa urembo. Alizisikiliza kwa hedifoni, ametulia kabisa, nami nikamshukuru Mungu kwamba sina mtoto wa makelele.

Tena huyu ndiye aliyekuwa macho yangu. Barua zote za Kiingereza, za kaunseli inayotupangisha nyumba, za hospitali, za uhamiaji, alinisomea yeye mezani jikoni, akinigeuzia kwa Kiswahili. Alipoweka kidole ndipo nilipotia sahihi.

Mwaka uliofuata kanisa letu lilipata mgeni, mama mzee wa Kiswidi aliyewahi kuwa nesi Tanzania miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wetu. Kina mama tukamwandalia chai na maandazi. Mimi nikawaza, huyu nitamfurahisha kwa nyimbo za kwao. Nikachukua kanda moja chumbani kwa mjukuu, nikaifunga kwenye leso, nikamwekea mbele yake wote wakiona.

Akavaa miwani, akafungua ile karatasi, akasoma. Shingo yake ikawa nyekundu.

"Wanasemaje, mama?" nikamuuliza.

"Wanaimba habari za baridi," akasema. "Theluji. Msitu. Giza la kwetu wakati wa Krismasi."

"Na Mungu?"

"Wanamtaja." Akaikunja karatasi polepole, akanirudishia mkononi. "Tusiipige hapa, redio zinakula kanda. Mtunzie mtoto."

Wenzangu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo wakaniita Mama Uswidi. "Mama Uswidi, leo posta imeleta nini?" Nami nilijibu kwa majivuno.

Miaka ikapita, tukaingia ile elfu mbili. Mjukuu akawa mtu mzima, ana kazi, bado yuko kwangu. Jumamosi moja asubuhi akaja jikoni na CD mpya mkononi, macho yamevimba. Nikadhani tumefiwa.

"Wametusaliti," akasema kwa Kiingereza.

Akanisimulia yote kwa hasira, akijisahau. Bendi ya zile kanda ni vijana wanne wa mji mdogo wa kaskazini, muziki wenyewe, wa magitaa na mayowe, unaitwa blaki meto. Kanda ya kwanza waliirekodi kwa maikrofoni moja kwenye chumba cha chini, nyumbani kwa wazazi wa mmoja wao. Sauti ilikuwa chafu kama upepo, na uchafu ule ndio alioupenda. Wakatoa albamu ya kwanza. Mpiga ngoma akahamia bendi nyingine. Ya pili waliimaliza kwa wiki moja. Baada ya ya tatu, mwimbaji aliyetunga maneno yote akaondoka. Na sasa hii hapa ya nne, studio kubwa, vinanda, kwaya ya wanawake, kila kitu kimesafishwa.

"Na maneno, Bibi. Zamani walimkana Mungu waziwazi. Leo wanaimba mapenzi."

Nikaweka kisu chini. Nilikuwa nakata vitunguu.

"Walimkana nani?"

Akaiweka CD mezani.

"Nisomee," nikamwambia. "Ile karatasi ya kwanza kabisa. Kwa Kiswahili."

Aliwahi kupata tafsiri yake kwa Kiingereza. Akasoma, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kama mtoto anayekariri. Mungu ni mzee aliyelala. Nyumba yake tutaichoma.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," akasema.

"Na sasa una mingapi?"

Wale vijana hawakuniuma, ni watoto wa watu. Kilichoniuma ni yule nesi wa Kiswidi, na Biblia yake kwenye mkoba, na huyu niliyemlea. Watu wawili wanaojua kusoma walinitazama usoni, kila mmoja kwa wakati wake, wakaamua ninachofaa kusikia.

Ndipo nikazikumbuka barua alizokuwa akinisomea.

Jumatatu nilizitia zote kwenye mfuko, nikapanda basi na treni mpaka Ilford, upande wa pili wa mji, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la unga na viungo. Amezaliwa Mwanza, Kiswahili anakijua.

"Leo umeniletea posta nzima, mama," akasema. Akavuta kiti, akasoma. Ya uhamiaji, sawa. Ya hospitali kuhusu goti, sawa. Ya kaunseli, ile ya kujibu ombi letu la nyumba ya chini kwa ajili ya magoti yangu, mjukuu alinisomea kwamba tusubiri zamu. Mhindi akaisoma mara mbili.

"Wamekataa, mama. Walikupa mwezi mmoja wa kukata rufaa."

Nilikuwa nimesubiri miaka miwili, ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Jioni nilipomuuliza, mjukuu hakukana. "Ungelia, Bibi."

"Ningelia, kisha ningekwenda kuwaona."

Akasema hatarudia. Alilia yeye, mimi sikulia. Kaunseli tuliwaandikia upya, tukaanza foleni upya.

Barua ikija sasa, naipeleka Ilford kwanza. Nikirudi naiweka mezani, yeye ananisomea, nami nasikiliza kama maneno yake yanalingana na ya Mhindi. Anajua ninakotoka nayo, na anasoma hivyohivyo. Hayajawahi kutofautiana tena. Bado napanda basi.