Ubao wa Kuogea wa Mama Halima

Wasomaji, Isiolo nzima inanong'ona juu yangu, kwa hivyo heri niseme mwenyewe.

Mimi ni muuguzi. Mwezi jana tulimruhusu Mama Halima, aliyevunjika nyonga, arudi kwake Bulapesa na ubao mrefu wa kuogea akiwa amelala, wenye miguu mifupi, kwa sababu hawezi kuchuchumaa. Wagonjwa wengi huugeuza meza ya sufuria, basi wiki jana nikaenda kuangalia.

Mchana ule upepo wa vumbi ulikuwa umefungisha watu milango. Boma lilikuwa kimya, linanuka ubani. Mlangoni aliketi mke wa mwanawe, amejifunika uso kwa leso.

"Salaam aleikum. Mama yuko?"

"Yuko nyuma," akasema kwa sauti ya chini. "Wanamwosha."

Ni mimi niliyemwambia daktari kwamba mama amepona, aende nyumbani. Nikasogea hadi kwenye pazia la gunia, nikachungulia. Wanawake wawili walikuwa wakimwaga maji bila kusema neno. Juu ya ubao wetu mtu alilala chali chini ya shuka nyeupe, nyayo zimetokeza nje, hazitikisiki.

Nikaanguka magotini, nikalia kwa nguvu: "Nisamehe, Mama Halima! Ni mimi nimekuua!"

Majirani wakaja mbio, wanaume kwa wanawake.

Shuka ikainuka polepole upande wa kichwa.

"Sista," Mama Halima akasema, ameshika shuka aliyojikinga nayo vumbi, uso umejaa povu la sabuni, "unamlilia nani? Na hawa wanaume, nani amewaita bafuni kwangu?"