Siku mama mkwe alipakuliwa playdough ya mtoto akidhani ni ugali ya wimbi

Wakuu, salamu kutoka Kakamega, huku Amalemba. Mimi ni msomaji wa kimya wa hili jukwaa, nacheka na visa vyenu halafu naenda zangu bila hata kuacha like. Leo nimeona nilipe deni la kicheko.

Ni ukweli mtupu. Mke wangu ameisoma kabla niipost, akafuta mahali pawili, kwa hivyo hii mnasoma imepita mikononi mwa mhariri mkali.

Background kidogo ndio tuende pamoja.

Mimi ni fundi wa sofa. Mke wangu anaitwa Lilian, na msichana wetu Imali yuko PP1, chekechea. Mama ya Lilian anakaa Butere, na tangu mwanzo hakunitaka. Alitaka binti yake aolewe na kijana mwingine, amesomea kilimo hapo Bukura, anatembea na gumboots safi na faili kwapani. Badala yake akaletewa mimi, misumari mdomoni na vipande vya foam kwa nywele.

Sasa kwa wale hamjui mila zetu Waluhya. Mama mkwe na mkwe hawashikani mkono. Hawakai meza moja. Akiwa anakula kwa nyumba yako, wewe tafuta mahali pengine pa kukaa. Na siku ya kwanza akubali kula kwako ni siku kubwa sana, maana akila amekubali hiyo nyumba. Akikataa, au aguse tu sahani aiweke chini, mtakuwa mnaongelewa mpaka kwa mazishi za watu wengine.

Najua kuna wenye wameachana na hizi mambo. Mama mkwe wangu si mmoja wao.

Tangu tuoane hakuwahi kukanyaga kwetu. Lilian alikuwa anasema haimsumbui. Lakini kila mara jirani akitembelewa na mama yake, alikuwa anaanza kuosha vyombo zenye ziko safi. Mimi naona tu.

Halafu siku moja simu ikaingia. Mama anakuja Jumamosi, na senge. Senge ni shangazi, dada ya baba ya Lilian, na huyo mama akiongea hata redio inanyamaza.

Lilian aliacha simu ikae kwa sikio muda mrefu hata baada ya kukatwa.

Basi hiyo Jumamosi nyumba ilikuwa moto. Jogoo wawili wamechinjwa. Dada yangu Beti amekuja kusaidia. Pazia zimefuliwa, sofa nimetoa ile nilikuwa nimetengenezea mteja nikaiweka sitting room kwanza. Mteja kama uko hapa, ilikaliwa na watu wa heshima tu.

Na katikati ya hiyo yote, Imali analia.

Mwalimu wao alikuwa ametuma message kwa group ya wazazi: Jumatatu kila mtoto aje na dough ya kufinyanga, imetengenezwa nyumbani, si ya kununua. Akaweka na recipe. Mnajua huu mtaala wa CBC, mtoto ndiye amesajiliwa lakini mzazi ndiye anasoma. Mtoto wa jirani alikuwa ameshapata yake nyekundu, ameizungusha plot nzima. Imali alitaka yake iwe brown, kwa sababu anataka kufinyanga ng'ombe, na ng'ombe ya kukhu wake, yaani nyanya yake, huko Butere ni ya brown.

Lilian akaniambia, "Baba Imali, mtoe huyu mtoto kwa miguu yangu, mtengenezee hiyo kitu, na usiniulize swali lolote."

Nikachukua jiko ya makaa nikaenda nayo nje nyuma ya nyumba.

Recipe ni rahisi wakuu, hata wewe unaweza. Unga ya ngano, chumvi ya kutosha, mafuta ya kupikia, maji ya limau kidogo, maji ya kawaida, halafu rangi ya chakula. Unakoroga, unaweka kwa moto mdogo, unasonga mpaka ishikane.

Rangi ya brown sikuwa nayo. Nikaona unga ya wimbi imekaa hapo kwa kopo. Nikasema si hii ni rangi tayari, nikamimina. Ikapendeza. Chumvi, nilisoma mahali inazuia isioze, kwa hivyo nikaongeza ndio ikae term yote.

Hapa ndipo kosa lilianzia, na naomba mnisikilize kabla mnihukumu.

Mimi nimelelewa nyumba ya wavulana watupu mpaka Beti akazaliwa, tulikuwa tunasonganga ugali kwa zamu. Mkono wangu ukishika mwiko unajua kazi moja tu. Nilianza kusonga dough, lakini mkono ukaendelea na yake. Nikaibana kwa ukingo wa sufuria, nikaigeuza, nikaizungushia mwiko, nikailaza kwa sahani ikatoka mviringo, laini, inang'aa juu. Nikachukua na maji kidogo nikaipapasa ndio ikae vizuri.

Imali akaiangalia akasema, "Baba, hiyo ni obusuma."

Nikamwambia hapana, si ugali, ni dough, itapoa ndio afinyange. Mwalimu alikuwa ameandika iwekwe kwa chombo imefunikwa vizuri isikauke. Chombo ya kufunika vizuri kwa nyumba yetu ni hotpot, ile ya kuweka chakula isipoe. Nikaiweka kwa hotpot, nikaiacha kwa meza ya jikoni, nikaenda kuoga.

Imali akaenda kwa jirani kutangaza.

Wageni wakafika. Nikawasalimia kwa mbali, kichwa chini, vile inafaa. Mama mkwe akajibu akiangalia ukuta. Halafu mimi nikatoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na kibanda cha kuku, chini ya dirisha la sitting room, mahali naweza kusikia.

Huko jikoni Beti anapakua. Lilian yuko na wageni. Beti anafungua hotpot ya kwanza, ugali nyeupe. Anafungua ya pili, ugali ya wimbi, imesongwa ikasongeka. Sasa hapa kwetu nani anapewa ya wimbi? Si wazee, si wageni wa heshima. Beti alifanya vile mama yetu alimfunza. Akaikata, akawekea mama mkwe na senge, hao wawili tu. Sisi wengine tungekula nyeupe, na Lilian akiona ya wimbi alidhani ni Beti amesonga.

Mimi huko nje najua tu chakula imeingia. Nikasikia maombi. Ndefu. Halafu nikasikia kimya.

Wakuu, hiyo kimya ilinimaliza. Waluhya wawili wamewekewa jogoo na hakuna anayeongea. Senge mwenyewe amenyamaza. Nikasema basi, amekataa kula, imeisha, Lilian ataosha vyombo mpaka vitoboke.

Halafu nikasikia mama mkwe akisema pole pole, "Niletee maji."

Baada ya kidogo senge naye akaitisha maji. Jagi ikaingia, ikatoka, ikaingia tena. Beti akapita karibu na mimi akienda tanki, nikamuuliza wanakula? Akasema wanakula, lakini wanatafuna sana.

Nikamshukuru Mungu. Kutafuna ni kula.

Baadaye senge alinihadithia huko ndani kulikuwa namna gani. Anasema ukikata tonge haivunjiki. Ukibonyeza kidole inakaa hivyo hivyo. Ukiweka mdomoni inarudi juu. Na chumvi, anasema aliwahi kulamba lile jiwe la chumvi la ng'ombe akiwa mtoto, na lilikuwa na huruma kuliko hiyo. Akamwangalia mama mkwe amfuate vile atafanya. Mama mkwe akachovya kwa mchuzi, akafumba macho, akameza. Akakata nyingine.

Kwa hivyo senge naye akameza.

Ndio Imali akaingia kutoka kwa jirani na watoto wengine wanne nyuma yake, amewaleta waone dough yake. Akaenda jikoni, akakuta hotpot iko wazi. Akafika sitting room. Mimi nikasikia sauti moja tu.

"Kukhu anakula ng'ombe yangu!"

Kisha kilio.

Lilian alitoka nje kama amefuatwa na nyuki. "Baba Imali. Ile kitu ulipika asubuhi uliweka wapi?"

Sura yangu ilimjibu. Akakaa chini hapo hapo kwa majani na nguo yake mpya, akafunika uso, akasema, "Mama hatarudi hapa tena."

Wakuu, mimi nimewahi kushindwa na kazi, nimewahi kufukuzwa na wateja, lakini sijawahi kusikia vibaya kama vile nilisikia hiyo dakika.

Nikainuka nikaenda mpaka mlangoni. Kuingia siwezi. Nikasimama nje nikiangalia viatu. Mama mkwe yuko ndani hatua chache, ananiona, namwona, lakini kuongea tunapitia kwa senge.

Mama mkwe akasema, "Senge, muulize huyo kijana kama aliipika yeye mwenyewe."

Senge akanigeukia. "Baba Imali, unaulizwa kama uliipika wewe."

"Mwambie ni mimi. Mwambie ilikuwa ya kuchezea mtoto, ya shule. Mwambie naomba msamaha."

Mama mkwe akachukua kipande kwa sahani, akakivuta, kikavutika. Akasema, "Muulize, alikuwa anatupikia ama alikuwa anatutengenezea sofa?"

Senge alijaribu kunipitishia hiyo swali, akashindwa. Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Beti naye jikoni akaangusha kifuniko. Mimi hata kucheka niliogopa.

Lilian akaja akasimama kando yangu, bado anapanguza macho. Akasema, "Mama, si ungesema? Ulionja ukajua ni mbaya. Kwa nini ulimeza?"

Na hapo mama mkwe akaacha kuangalia ukuta.

"Nilidhani ndio chakula unakulanga hapa," akasema. "Nikasema, kama mtoto wangu anameza hii kila siku na hajawahi kulalamika, mimi nitashindwaje siku moja?"

Hakuna mtu alicheka tena. Lilian aliingia ndani akampigia mama yake magoti na kumkumbatia hapo kwa sofa ya mteja, na wakalia wote wawili. Mimi nilibaki mlangoni nikijifanya nachunguza bawaba.

Beti akaleta ugali nyeupe, wakala. Senge, ambaye hawezi kuacha jambo lilale, akauliza kama sasa kwa mila wamekula ama hawajakula, ndio tujue kama siku inahesabika. Mama mkwe akasema yeye amekula mara mbili.

Halafu akanawa mikono, akamwita Imali, akachukua ile ilibaki akamfinyangia ng'ombe, na pembe, na kiwele.

Somo nimepata. Moja, dough ikishapoa ikate vipande, usiiache mviringo kwa hotpot kwa nyumba ya Waluhya. Na mtoto akiwa mdogo mkae naye akicheza, hiyo chumvi si ya kumezwa na mtu yeyote.

Lingine ni hili. Miaka yote nilidhani yule mama ananichukia mimi. Kumbe alikuwa anaogopa binti yake analala njaa.

Sasa nauliza wataalamu wa mila, mnisaidie. Amepiga simu jana, kupitia kwa senge, anasema mwezi ujao anakuja kukaa wiki nzima, na ugali ya wimbi nisonge mimi. Sasa akiwa anakula kila siku, mimi nitakuwa nakaa wapi hiyo wiki yote, kwa kibanda cha kuku?