Paa Lioge Kwanza

Si kweli kwamba marehemu mume wangu alimwaga mvua kwa kiburi. Neno hilo nimelisikia saluni, nimelisikia kwenye foleni ya bomba, na juzi nimelisikia mlangoni kwangu, kwa mtu aliyekuja kuomba maji. Siku alipoimwaga nilikuwepo, ufagio mkononi.

Mume wangu alikuwa mwashi. Mama yake alimlea kwa mitungi mitatu chini ya paa, na kila mvua ilipoanza, maji ya mtungi wa kwanza aliyamwaga. "Paa lioge kwanza," alisema, "ndipo na sisi tunywe." Mwanawe alipojenga kwake aliezeka bati, akafunga mifereji, akachimba birika la saruji chini ya ua. Ila desturi ya mama hakuiacha.

Mwaka ule ukame ulitimiza miezi tisa. Bati lilikuwa jeupe kwa mavi ya ndege. Mvua ilipoanza, saa tisa alasiri, mume wangu aligeuza mdomo wa bomba linaloingia birikani, maji yakaenda barabarani. Jirani yetu, fundi cherehani, ambaye waliitana shemeji, akaja mbio na ndoo mbili.

"Shemeji, una wazimu? Mvua inamwagwa?"

"Kinga, shemeji, lakini ni ya kufulia. Usinywe."

"Ya kufulia! Kwani mimi nanuka?"

"Linalonuka ni paa."

Akaondoka na ndoo tupu, mdomo umejaa maneno. Dakika ishirini baadaye mvua ikakatika.

Siku kumi na moja hatukuona wingu. Tulisubiri mkokoteni wa maji kama wengine. Watu wawili waliotaka awajengee mabirika wakaghairi. Hata mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, nilimwambia, "Baba watoto, ungekinga tu."

"Ungemnywesha mwanao?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kusubiri mkokoteni.

Siku ya kumi na mbili mvua ilirudi, juu ya bati safi, na birika likajaa hadi shingoni. Ndoo ya kwanza aliibeba mwenyewe hadi kwa fundi cherehani, akanywa kikombe mbele yake, kisha akamjazia. Shemeji yake akaonja.

"Matamu. Lakini ulinitukana."

Walicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Baadaye mume wangu alibuni bomba lililosimama wima, lenye mpira ndani. Maji machafu hulijaza, mpira huelea na kuziba, na maji safi hupita kwenda birikani. Hakuna tena wa kugeuza bomba wala wa kugombana naye. Fundi cherehani ndiye aliyefungiwa la kwanza. Leo mtaa wetu una mabirika kumi na manne, na anayefunga mabomba ni binti yangu, kwa ngazi ya baba yake.

Yule wa juzi aliondoka na ndoo mbili zilizojaa. Jumamosi binti yangu atapanda paa lake kupima mifereji.

Jina la mtu huyo msiniulize. Sitalisema.