Kimya Katikati ya Wimbo

Fundi wa jenereta pale Kilifi haiamini mashine mpaka aiwekee kiganja, kama mama anayemgusa mtoto mwenye homa. Husema kidogo, huku akipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kilekile cheusi. Kila mwaka mashabiki wa ile bendi ya roki iliyopiga uwanjani pale alasiri moja hurudi kukumbushana, na lazima wapitie kibandani kwake kunywa kahawa. Jana Safaa, mmoja wao, alikuwa akiusimulia tena ule wimbo wa dakika ishirini.

"Katikati wakanyamaza wote ghafla. Nikasikia minazi. Gitaa liliporudi, nililia."

"Bendi gani nyingine ingethubutu?" akasema Swafwan, shabiki mwenzake.

Fundi akauliza taratibu, "Kilikuwa kimya kirefu, mwanangu?"

"Kirefu, mzee, na kizuri kuliko wimbo wenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kupangusa. Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa. Jenereta ilizimika katikati ya wimbo, na fundi nikamwona amepiga magoti, shati limelowa jasho, akivuta dizeli kwa mdomo kwenye mpira na kuitema. Basi jana, pale kibandani, nikafungua kinywa niwaambie Safaa na Swafwan. Fundi akanisogezea kikombe.

"Kunywa, bwana. Inapoa."