Kipande cha Twaiba: kazi iliyolipwa kwa doti ya leso

Hakuwa na sare. Hakuwa na viatu vya mpira, wala koti la mvua. Toroli alilopewa lilivunjika gurudumu mwaka wa pili na halikuletwa jingine. Hakuwa na mkataba wa kumwonyesha mtu, wala likizo, wala siku ya kuugua. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho, mumewe ndiye aliyeshika jembe kwa niaba yake, ili nyapara akipita asikute nyasi zimezidi.

Hata hivyo, kwa miaka tisa Twaiba Mwero wa Munje alijihesabu kuwa mtumishi wa serikali, na hapa kijijini hakuna aliyembishia.

Saa moja na nusu asubuhi, mama huyu wa miaka arobaini na sita yumo shambani kwake, anapalilia mihogo. Shamba liko kando ya barabara ya udongo itokayo Munje kwenda kuungana na lami ya Msambweni. Anapalilia akiipa barabara mgongo. Nyasi za mtaroni zimefika magotini.

Mwanamume mmoja anapita na baiskeli iliyojaa madafu.

"Da Twaiba! Kipande chako kimeota ndevu!"

"Kinyozi hajalipwa," anajibu bila kugeuka.

"Basi wapelekee wembe huko Kwale."

"Wamesema hata wembe hauna fungu mwaka huu. Pita, bwana, madafu yako yatachacha!"

Wote wawili wanacheka. Baiskeli ikishatokomea, Twaiba hacheki tena.

"Kila siku wananitania, nami nawajibu," anasema. "Lakini ile mitaro sitaki kuiona. Ndiyo maana nalima nikitazama huku."

Wasomaji wa mijini huenda hawaujui utaratibu wa vipande. Barabara ndogo za mashambani ziligawanywa, na kila kipande akapewa mtu mmoja aishiye karibu nacho. Kazi yake ilikuwa kufyeka kando, kuzibua mitaro na kalvati zipitishazo maji chini ya barabara, na kufukia mashimo, asubuhi tatu kwa juma. Cha Twaiba kilikuwa na urefu wa kilomita moja na nusu, na malipo yake yalikuwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwezi.

"Hazikuwa nyingi," anasema, "lakini zilikuwa na tarehe. Mwenye duka alinipa unga kwa sababu alijua mwisho wa mwezi nitakwenda."

Fedha hizo ziligeuka kuwa tegemeo la nyumba nzima baada ya Agosti 1997. Ghasia za Likoni zilipozuka, watalii waliondoka, na hoteli ya Diani ambako mumewe, Swabir, alikuwa mtunza bustani ikafunga milango. Siku hizi Swabir anapasua mawe ya kujengea, siku anazoitwa.

"Kule hotelini mimi nilikuwa nakata maua," anasema Swabir akifungua viganja vyake vilivyopasuka. "Sasa mawe ndiyo yananikata mimi."

Mwaka uliofuata, mara tu baada ya bajeti ya Juni, nyapara wa barabara aitwaye Kalama aliwakusanya wafanyakazi wa vipande katika uwanja wa shule. Walikuwa kumi na watatu. Aliwasomea karatasi.

"Ilisema serikali imetumia kuliko inavyokusanya, na wafadhili wamefunga mkono, kwa hiyo kuna pengo," Twaiba anakumbuka. "Vipande vyote vimesimamishwa. Mwenzetu mmoja akauliza, 'Pengo hilo ni sisi tuliolichimba?' Kalama akasema, 'Jamani, mimi nimepewa karatasi tu.'"

Ukiuliza Munje ni nani aliyelichimba, jibu litategemea umemuuliza nani.

Bwana Hamisi Chome alikuwa diwani wa hapa kwa tikiti ya chama tawala hadi uchaguzi wa Desemba 1997 ulipomwangusha. Yeye anasema serikali haikuwa na njia nyingine.

"Nyumba ikiwa na deni, mwenye nyumba hupunguza kitoweo," anasema. "Mvua zile za El Niño zilivunja madaraja nchi nzima. Fedha za kujenga zitoke wapi kama mishahara imemeza kila kitu? Lazima tujifunge mkanda."

Diwani Sefu wa upinzani, aliyemshinda, hupandisha sauti akisikia maneno hayo. "Mkanda wa nani? Mwaka wa uchaguzi fedha zilimwagwa kama maji. Sasa hesabu imekataa, anafukuzwa mama wa jembe. Sisi tungekuwa serikalini, wa kwanza kuachishwa wangekuwa wakubwa wenye magari matatu."

Maneno hayo yalimfurahisha Twaiba, mpaka mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999. Kamati ya soko, ambayo sasa inaongozwa na chama cha Diwani Sefu, ilikuta mapato ya ushuru yameshuka kwa sababu hoteli hazinunui tena mboga wala samaki. Kamati ikawaachisha kazi wafagiaji wanne. Mmoja wao ni Mwanaima, mdogo wake Twaiba.

"Nilimwendea diwani," anasema Mwanaima. "Nikamwambia, 'Shikamoo mheshimiwa, mbona hata nyinyi?' Akaniambia, 'Dada yangu, tumerithi pengo.' Nikamuuliza kama kweli hakukuwa na urithi mwingine wowote."

Diwani Sefu hakani. "Mkoba ukiwa mtupu, hata mimi sina muujiza," anasema. "Mwenye kosa ni aliyeumwaga."

Twaiba anatikisa kichwa. "Mimi nilifukuzwa na hawa, mdogo wangu na wale, na wote wametutajia pengo hilo hilo. Usiku tunakula mihogo katika sinia moja."

Kazi iliposimamishwa, kipande hakikupata mwenyewe mwingine. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, na chanzo chake ni adabu. Munje mtu haingii na jembe katika shamba la mwenziwe bila kuitwa. Miaka tisa watu wamesema "kipande cha Twaiba" kama wasemavyo shamba la fulani, kwa hiyo hakuna aliyekigusa. Yeye naye hakukigusa, kwa kuwa hakulipwa.

"Nilijua nikishika jembe mara moja tu, watasema kumbe kazi yafanyika bila pesa," anasema.

Mvua za Aprili zikaja. Kalvati iliyo karibu na nyumba yake ikaziba kwa mchanga na makuti, maji yakapanda barabarani. Asubuhi moja pikapu ya Duncan, kijana wa bara anayebeba mizigo na abiria kutoka Ukunda, ikazama hapo hadi ekseli. Nyuma alikuwamo Lenah, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, akiwa na uchungu wa uzazi.

"Nilipiga nduru tu," anasimulia Duncan. "'Mathe! Mathe Twaiba! Hapa hatupiti, huyu mama atazalia kwa gari!' Akatoka mbio na jembe, bado yuko na unga kwa mikono."

Twaiba aliingia majini hadi kiunoni, Swabir akafuata na beleshi. Majirani walisimama ukingoni na majembe yao, wakingoja.

"Bi Twaiba, turuhusu!" mmoja alipaza sauti.

"Ruhusa ya nini? Mnataka barua? Ingieni!"

Wakaingia. Kalvati ikazibuka, maji yakashuka kwa kishindo, gari likasukumwa. Lenah alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Msambweni kabla ya adhuhuri.

Lililofuata ndilo Twaiba analolijutia. Juma moja baadaye kulikuwa na baraza la chifu, na Bwana Chome akaomba nafasi ya kusema. Akamwita Twaiba mbele.

"Tazameni!" alisema. "Serikali haina kitu, lakini mama huyu hakungoja mshahara. Ametoa mikono yake kwa ajili ya taifa. Huu ndio moyo wa kujitolea!"

Kisha akamkabidhi doti ya leso, kanga mbili zenye rangi za chama chake. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele.

"Ningefanya nini?" anauliza Twaiba. "Umpokonye mtu mzima heshima yake mbele za watu kwa kuikataa zawadi? Sikulelewa hivyo. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, Mungu akuzidishie. Hapo ndipo nilipojimaliza."

Kabla hajafika nyumbani, vijana wa Diwani Sefu walikuwa wameshampa jina: Mama Leso. "Amenunuliwa," walisema dukani. "Na kwa bei rahisi, hata baibui hakuongezwa!"

Zile leso hakuzivaa. Alimpelekea Lenah, amfunikie mtoto. Lenah alizikunjua, akaziangalia, akaangua kicheko. "Haki, huyu mtoto amevishwa chama hata kabla hajapewa jina!"

Mambo ya ofisini hayakuwa ya kuchekesha. Mwezi wa Mei nyapara Kalama alipita kwa pikipiki na habari mbili. Ya kwanza ilikuwa njema: kuanzia Julai, mwaka mpya wa fedha, vipande vichache vitapata fungu tena. Ya pili aliisema akiwa bado amekalia pikipiki.

"Bi Twaiba, chako hakimo. Kimeandikwa kuwa kinatunzwa na watu wa kujitolea."

"Nani aliyejitolea?"

"Wewe. Habari za baraza zilifika. Na zawadi ulipokea."

"Kalama, mwanangu, leso ni mshahara?"

"Mimi najua sivyo, mama. Lakini wakubwa wanatafuta pa kupunguza, na wewe umewaonyesha. Ukikitaka, waandikie mwenyewe, ofisi ya barabara ya wilaya huko Kwale, kabla mwezi wa sita haujaisha."

Habari zilienea, na misaada ikaja kutoka pande zote mbili. Bwana Chome alijitolea kumsemea, iwapo atakubali kuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wa kujitolea. Mshahara, alisema, utakuja baadaye. Diwani Sefu alileta barua iliyokwisha kuchapwa, yenye muhuri, ikieleza jinsi serikali ilivyomdhulumu. Kilichobaki kilikuwa sahihi ya Twaiba tu.

"Ilikuwa barua nzuri," anasema Twaiba, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la jioni la kina mama. "Nimesoma ukurasa wote. Jina langu lilikuwamo mara moja, la chama mara sita."

Aliwashukuru wote wawili, akawaandalia chai, akawasindikiza hadi barabarani. Kisha akaomba karatasi kwa mwalimu, mumewe Lenah, akaandika mwenyewe.

Barua hiyo ni fupi. Inasema siku ile alizibua kalvati kwa sababu garini mlikuwa na mwanamke mwenye uchungu, na angefanya hivyo tena kesho. Inasema leso zilikuwa zawadi ya mtu na hakuziomba. Inaomba kipande chake kirudishwe katika orodha ya wanaolipwa. Na mwisho inasema: "Kama fungu hakuna, tafadhali niandikieni kwamba kipande si changu tena, nipate kuwatangazia majirani. Wao watakigawana na kukitengeneza kwa mweria. Lakini msiniandike kuwa nimejitolea, kwa sababu sikujitolea."

Mweria, kwa asiyejua, ni ile kazi ya kusaidiana ambapo majirani huingia shamba la mmoja wao pamoja, kwa zamu.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyozua ugomvi nyumbani. Swabir alitaka ifutwe.

"Unawapa kisu wakuchinje nacho," alimwambia mkewe. "Wakisoma kwamba watu wako tayari kufanya bure, nani atatoa shilingi?"

"Na nisiposema? Mvua za mwakani zitakuja, watu watasimama tena ukingoni wakiningoja mimi nitoe ruhusa. Siku hiyo kama mimi niko msibani Kwale je? Mama wa watu afie garini kwa sababu ya jina langu?"

"Basi usiandike 'kama fungu hakuna'. Waache walitafute wenyewe."

"Wameshalitafuta, mume wangu. Nataka waniambie walichokiona. Kama ni ndiyo, Julai nitakuwa mtaroni kabla jua halijatoka. Kama ni hapana, nitaongeza mihogo na kuuza chipsi za muhogo pale njia panda na Mwanaima. Tumeshaongea. Sitaki kukaa katikati."

Swabir alitoka nje, akarudi na bahasha aliyoinunua dukani.

Ijumaa asubuhi Twaiba yuko posta ya Msambweni, amevaa baibui lake la kutokea. Anaisoma barua mara moja tena, midomo ikicheza, kisha anaikunja mara tatu. Analamba ukingo wa bahasha, anaufunga na kuukandamiza kwa kiganja juu ya meza mpaka uwe tambarare.

"Ya kawaida, mama, au rejista?" anauliza karani. "Ya kawaida ni rahisi zaidi. Itafika tu."

"Zile zinazofika tu nazijua," anasema Twaiba. "Rejista huwa vipi?"

"Anayeipokea huko lazima atie sahihi."

Twaiba anafungua fundo la pembe ya kanga yake ya ndani, anatoa noti na sarafu, anazisukuma chini ya wavu.

"Rejista, mwanangu. Nataka mtu mmoja tu, wa chama chochote, atie sahihi kwamba ameniona."

Karani anaigonga muhuri, anamkatia risiti, na kuitupa bahasha katika gunia la Kwale.