Vigingi vya Mama

Nyumba yetu ilikuwa tembe kama matembe mengine ya Ugogo: paa bapa la udongo, kimo kifupi, na moshi wa kumtosha kila mtu. Tofauti yetu ilikuwa ukuta wa mlangoni. Mama alikuwa amechomeka vigingi pale, kila mtu na chake, na jioni, tukishakula, alitundika kwenye kila kigingi kazi ya kesho. Ukikuta jembe, unalima. Ukikuta kombeo, unapanda dunguni kuamia ndege wasimalize uwele. Fimbo ni kuchunga. Kibuyu ni kwenda kuchota maji kwenye visima vya mchangani, kule mtoni. Mkuki ni safari, na huo haukuwahi kutundikwa ila kwenye kigingi cha baba.

Hapakuwa na kuulizana. Siku moja nilisema kwamba nilichota maji jana na juzi. Mama alinitazama kana kwamba nilikuwa mbuzi aliyeamua kuongea. Nikachukua kibuyu.

Kazi zilikuwa nyingi kutuzidi. Baba alikuwa na wake wawili: mama yangu, ndiye mkubwa, na mama mdogo. Kaka yangu alishakuwa kijana, mimi nilikuwa namfuata, na nyuma yetu kulikuwa na wadogo ambao kazi yao kubwa ilikuwa kula. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanaleta reli, na askari wao alipita akichukua mwanamume kila kaya akabebe mawe. Akimchukua baba, fimbo ilikwenda kwa kaka, kombeo la kaka likaja kwangu, kibuyu changu kikaenda kwa mama mdogo, na mama mdogo akanuna. Mama alipanga upya bila kusema neno. Tuliambiwa kwamba kule bomani kwa Wajerumani hupigwa tarumbeta alfajiri ili watu wajue wafanye nini.

"Na bila tarumbeta hawajui?" mama aliuliza. Alitaka kujua kweli.

Kigingi chake mwenyewe kilikuwa cha mwisho, na kilibeba kila kazi iliyokosa mtu. Jembe juu ya ungo, ungo juu ya kamba, kamba juu ya kibuyu. Wakati mwingine kilianguka chenyewe, naye akakichomeka tena.

Mwaka huo, uwele ukiwa unaiva na baba akiwa relini, wachuuzi wa chumvi walipita wakitoka Bahi. Walimwambia mama kwamba mama yake hainuki kitandani na anamwita. Bahi si mbali sana, lakini ni safari ya kulala njiani. Mama aliwapa wachuuzi maji, akawashukuru, akaendelea kupepeta.

Kwa jioni kadhaa nilimwona akisimama mbele ya ukuta ule. Alihamisha jembe, akarudisha kombeo, akatoa fimbo huku akaiweka kule. Alikuwa anatafuta nafasi ya kutokuwepo. Hatimaye akaipata: wachuuzi wangepita alfajiri wakirudi Bahi, angefuatana nao, na kila kazi yake ilikuwa na mtu. Kwenye kigingi chake, kilichokuwa kitupu sasa, alitundika kibuyu kidogo cha safari. Mkuki ni wa wanaume. Katika mpango wake wote hakuwa amewahi kujiwekea alama ya kuondoka.

Mama mdogo akaingia, akaona vibuyu viwili, kimoja kwenye kigingi chake na kimoja kwenye cha mama. Hatukuwahi kuwa na vibuyu viwili siku moja. Akadhani mkubwa ameamua kwenda mtoni mwenyewe ili kumpumzisha. Akafurahi, na kabla hapajapambazuka akachukua jembe akaenda zake shamba la mbali.

Mama aliamka akakuta mtungi mkavu na ndama wanalia. Angeweza kusema neno. Sisi sote tulikuwepo. Lakini ndiye aliyetufundisha kwamba kigingi kikishasema, mdomo unyamaze. Akatazama kile kibuyu chake, akachukua kikubwa, akaenda mtoni. Aliporudi, wachuuzi walikuwa wameshaondoka.

Nilimkasirikia mama mdogo, nikamkasirikia mama zaidi. Kwa hiyo baba aliporudi jioni ile, mabega yamechubuka kwa mawe ya Wajerumani, nilimweleza yote kabla hajakaa. Mama akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza.

Baba alikula ugali wake wote. Akanawa. Kisha akainuka, akachukua kibuyu kikubwa cha maji akakitundika kwenye kigingi chake mwenyewe, na mkuki wake akautundika kwenye kigingi cha mama.

"Hiyo si kazi yako," mama akasema.

"Kigingi kimesema," baba akajibu, akaenda kulala.

Alfajiri mama aliondoka na kaka. Kaka alitaka kuubeba mkuki, mama akakataa. Aliuweka begani mwenyewe hadi Bahi.

Baba alikwenda mtoni na kibuyu. Mimi nilimfuata kwa aibu, nikiwa nyuma kabisa ili nisionekane wa kwake. Mwanamume kuchota maji halikuwa jambo lililowahi kuonekana. Mmoja wa wanawake waliokuwa visimani akasema, "Karibu, mke mwenzangu!" Wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Asante," baba akasema. "Sogea nichote."

Alichota kila siku hadi mama aliporudi. Alikuwa anamwaga nusu njiani.

Mama alirudi amenyolewa nywele kama mfiwa. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Nilimkuta. Alinijua." Baba akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile alipanga vigingi kama kawaida. Jembe kwa mama mdogo, fimbo kwa kaka, kombeo kwangu. Alipofika kwenye kigingi cha baba alisimama kidogo, kisha akapita. Akakiacha kitupu. Sikuwahi kuona kigingi cha mtu aliyepo nyumbani kikilala kitupu.

Asubuhi baba alisimama mbele ya kigingi chake muda mrefu. Akapapasa sakafuni, labda kitu kimeanguka. Akaangalia nyuma ya mtungi.

"Mama watoto," akaita, "mimi leo nifanye nini?"

"Pumzika."

Alikaa mlangoni kidogo, mikono magotini. Akainuka, akakaa tena. Mwishowe akachukua kibuyu, akaelekea mtoni, na mama akacheka huku machozi yanamtoka.