Tingatinga la Wanawake wa Ijara

Habaryar alifika Garissa kutoka Ijara akiwa amekaa mbele ya lori la mbuzi, vumbi la safari limejaa kwenye ushungi wake. Yeye ni mdogo wake mama. Kwetu Wasomali mama mdogo huitwa hivyo, naye humwita mtoto wa dada yake kwa jina hilohilo, kwa hiyo tangu utotoni tumekuwa tukiitana habaryar, mimi na yeye. Alikuja kuniomba nimpeleke mnadani nikawe mdomo wake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kiswahili chake yeye ni cha kuuzia maziwa tu.

Ukame ulikuwa umewamalizia watu wa Ijara ng'ombe wengi. Kila kiangazi wanawake wa kijijini kwake walikwenda ofisi za serikali kuomba wachimbiwe silanga, bwawa la kukingia maji ya mvua, na kila mara waliambiwa mashine iko kwingine, wasubiri. Mwisho wakauza mifugo iliyosalia, wakachanga, wakamtuma yeye akanunue mashine yao wenyewe.

Mnada ulikuwa wa kampuni moja ya ujenzi wa barabara iliyomaliza kazi na kuhama. Siku ya kukagua tuliingia uwanjani asubuhi, sisi wawili na fundi mmoja wa mjini. Malori ya kokoto na magreda yalisimama kwa mistari, kila moja limeandikwa nambari kwa chaki. Jua lilikuwa limeipausha rangi ya njano mpaka ikafanana na nyasi kavu. Palikuwa kimya. Upepo ulipita kwenye bomba la moshi la greda moja ukatoa sauti nzito, kama mtu anayepuliza chupa, na nikajikuta natembea polepole, kama naogopa kuyaamsha.

Habaryar aliyapita magari mengine yote. Alisimama mbele ya tingatinga lenye ndoo pana mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Fundi akaliwasha, akainamisha sikio, akapapasa mipira ya kupitishia oili.

"Injini iko mzuri," alisema. "Mipira ndio imechoka."

Habaryar akaweka kiganja juu ya meno ya ndoo, yaliyolika hadi yakang'aa. "Muulize, hii ilikuwa ikichimba nini?"

"Mitaro ya barabara," fundi akajibu.

"Basi udongo wetu inaujua," akasema, na akaketi kwenye kivuli cha gurudumu lake. Nikaketi karibu naye. Nakumbuka harufu ya oili na ya udi uliokuwa kwenye nguo zake, na nakumbuka kwamba kwa muda mrefu hatukutaka kuondoka.

Siku ya mnada uwanja ulijaa watu, wengi wao wanaume. Dalali alipanda juu ya kreti na kipaza sauti. Ilipofika zamu ya tingatinga letu waliinua mikono wengi, kisha wakapungua, hadi akabaki mfanyabiashara mmoja aliyetoka Nairobi, mwenye kofia ya majani. Yeye akipandisha, habaryar ananigusa kiwiko nami napandisha. Sauti ya dalali ilianza kunifikia kutoka mbali. Niliona midomo yake ikicheza, vumbi likielea nyuma yake kwenye mwanga, na yale magari yote nyuma ya vumbi yakitetemeka kwa joto kama yanataka kuondoka.

Kisha mkono kwenye kiwiko changu ukatulia.

"Mama, unaongeza?" dalali akauliza.

"Mwambie tumefika mwisho wetu," habaryar akaniambia kwa Kisomali, taratibu, na akaanza kujifunga ushungi vizuri ili tuondoke.

Nilifungua kinywa nimweleze. Nikajisikia nikisema, "Anaongeza."

Yule mwenye kofia alitutazama, akatikisa kichwa, akageukia gari jingine. Nyundo ikagonga.

"Amesema nini?" habaryar akauliza.

"Amesema ni lako."

"Alhamdulillahi," akasema. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kusimama karibu na mashine. Pengo la bei nililijaza kwa fedha za mabati ya nyumba niliyokuwa najenga.

Safari ya Ijara ilituchukua siku nzima na nusu ya iliyofuata. Dereva wa tingatinga alitangulia, nasi tukafuata kwa gari la kukodi, mwendo wa ng'ombe. Twiga walitazama kutoka vichakani bila kukimbia. Kwa mwendo ule barabara ilionekana kama haina mwisho, na mimi sikutaka iwe nao, kwa sababu nilijua itabidi niseme.

Tuliposimama kunywa chai, yeye ndiye aliyeanza. "Habaryar, ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwambia unaongeza."

"Nilisikia. Wanunuzi wa maziwa wananiambia ongeza kila siku."

"Mbona hukunikataza?"

"Ulikuwa umeshasema mbele ya watu. Ningekuaibisha?" Akanywa kidogo. "Nashukuru. Wanawake wote watashukuru. Lakini ukiwa mdomo wangu, sema maneno yangu."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisamehe, na nilijua ni kweli, lakini uso ulibaki ukiniwaka hadi tulipofika. Hata leo siwezi kutenganisha furaha ya siku ile na aibu yake.

Wiki ya pili ya kuchimba, mpira mmoja ulipasuka na kazi ikalala hadi fundi alipokuja kutoka Garissa. Baada ya hapo mashine haikusumbua tena. Silanga likakamilika, nalo likakaa tupu, shimo kubwa jekundu, miezi na miezi. Nyumba yangu nayo ilikaa bila paa. Sikulaumu mtu, niliendelea kuishi chumba cha kupanga, nikisahihisha madaftari.

Mvua ilinyesha shule zikiwa karibu kufungwa. Likizo ilipoanza nikaenda Ijara. Habaryar alinichukua asubuhi mapema, tukapanda tuta la udongo tukishikana mikono. Chini yetu palikuwa na maji, rangi ya chai ya maziwa, yametulia yakibeba wingu zima. Ndege nisiowajua walishuka kwa makundi, wakanywa, wakainuka. Upande wa pili mwanamke mmoja aliyetangulia alikuwa akijaza jerikeni, na mlio wa maji yakiingia ulitufikia wazi kabisa.

Tuliketi pale mpaka jua likawa kali. Nina hakika tulizungumza, lakini sikumbuki hata neno moja.